Vidole viwili kati ya kumi: uchambuzi wa kisa cha oksimita

Desemba 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Watafiti hao walichukua kumbukumbu za wagonjwa waliokuwa wakipewa oksijeni hospitalini, wakaoanisha namba mbili zilizopatikana kwa mgonjwa yuleyule ndani ya dakika kumi. Ya kwanza ni asilimia ya oksijeni kwenye damu iliyosomwa na oksimita, yaani kibanio cha kidoleni kinachopima kwa mwanga. Ya pili ni ile iliyotoka kwenye damu yenyewe, iliyochotwa katika ateri na kupimwa kwa mashine. Wakatafuta hali moja: kibanio kinaonyesha 92 hadi 96, namba ambayo muuguzi akiiona anapita kitanda kinachofuata, kumbe damu iko chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe hali hiyo ilijitokeza katika asilimia 3.6 ya vipimo. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa asilimia 11.7.

Zaidi ya mara tatu. Na kifaa chenyewe kilikuwa kimeshakaa sokoni kwa takriban miaka arobaini.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaobuni vifaa tiba, na kwa wale wanaowaongoza wabunifu hao kutoka wazo hadi idhini ya kuuza. Kwa kawaida tunapofundishana kazi hii tunatumia visa vya uzembe: kampuni ilificha matokeo, mhandisi alipuuza onyo, programu ilikuwa na kasoro. Visa hivyo vina mafunzo, lakini msomaji huvimaliza akijiambia kwamba yeye hangefanya hivyo. Hiki hakitupi nafasi hiyo. Wengi waliohusika walifuata utaratibu wa wakati wao, vipimo vilifanyika, karatasi zilijazwa, na kifaa kimeokoa maisha ya watu wengi mno. Hata hivyo kosa liliingia, tena kupitia mlango uleule ambao timu nyingi bado zinaupita leo: hatua ya kuamua kifaa kitathibitishwa kwa nani.

Wazo lililoahidi kuifuta ngozi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden huko Tokyo alikuwa akishughulikia jambo jingine kabisa. Alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo bila kumchoma mgonjwa sindano za kuchotea damu mara kwa mara. Rangi maalumu inaingizwa kwenye mshipa, kisha mwanga unaopita kwenye ndewe ya sikio unafuatilia jinsi rangi ile inavyopungua. Tatizo lake lilikuwa mapigo. Kila moyo ulipodunda, damu iliongezeka kidogo sikioni na mchoro wake ukayumba. Kwake hiyo ilikuwa kelele ya kuondolewa.

Akajaribu kuifuta kwa kutumia mwanga wa aina mbili na kutafuta uwiano kati yake. Ilifanya kazi vizuri mpaka kiwango cha oksijeni cha mtu aliyepimwa kilipobadilika, hapo kelele ikarudi. Ndipo akaona kwamba kilichokuwa kikimsumbua ndicho chenye thamani. Sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kwa mapigo inatokana na damu ya ateri inayoingia. Sehemu isiyobadilika inatokana na vingine vyote, yaani nyama, mfupa, damu ya vena na ngozi. Ukichukua ile inayobadilika peke yake, katika rangi mbili za mwanga, uwiano wake unakuambia ni asilimia ngapi ya himoglobini, ile protini ya damu inayosafirisha oksijeni, iliyobeba oksijeni. Maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, yaliwasilishwa Japani Machi 1974. Mwezi uliofuata wahandisi wa kampuni nyingine, Minolta, nao wakawasilisha ya kwao juu ya kanuni hiyohiyo.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo mzizi wa kisa ulipo. Uzuri wa wazo la Aoyagi ni kwamba kila kitu kisichodunda kinajifuta chenyewe kwenye hesabu. Ngozi haidundi. Kwa hiyo, kinadharia, rangi ya ngozi haina nafasi. Wazo lenyewe lilibeba ahadi kwamba kifaa hakitajali kimebanwa kwenye kidole cha nani. Na ahadi ya kinadharia ina hatari yake ya pekee katika kazi yetu: inageuka kuwa sababu ya kutopima. Mtu anauliza, "Je, tumeangalia kwa watu wenye ngozi nyeusi?" Anajibiwa kwa mlinganyo.

Mlinganyo ule unadai mambo ambayo taa halisi haziwezi kuyatimiza. Ndani ya kibanio kuna taa mbili ndogo za LED, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi, nyingine ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ya 940 hivi, zinazowaka na kuzima kwa zamu mara nyingi kila sekunde. Upande wa pili wa kidole kuna kijicho kinachopokea mwanga uliobaki. Lakini taa ya LED haitoi urefu mmoja wa wimbi, inatoa mkanda wa mawimbi yanayokaribiana. Melanini, kemikali inayoipa ngozi rangi yake, nayo inanyonya mwanga mwekundu zaidi kuliko infraredi, na ndani ya mkanda huo mwekundu inanyonya zaidi upande wa mawimbi mafupi. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba mwanga unaofika kwenye damu baada ya kupita ngozi nyeusi si uleule uliotoka kwenye taa: kitovu chake kimesogea. Mwanga pia hausafiri kwa mstari ulionyooka ndani ya kidole. Unatawanyika, unarudi, unapita njia ndefu na fupi. Ngozi haikufutika. Ilijificha ndani ya uwiano.

Njia ya kwenda sokoni

Safari ya kutoka hataza hadi bidhaa nitaipitia haraka, ingawa ina mengi. Daktari wa upasuaji Susumu Nakajima wa Sapporo alikijaribu kifaa cha kwanza kwa wagonjwa. Nihon Kohden ilitoa oksimita yake ya sikioni mwaka 1975, kisha haikuipa msukumo. Minolta ikaja na ya kidoleni mwaka 1977, mwanga wake ukipitia nyaya za nyuzi za kioo, nzito kwa matumizi ya kila siku. Nchini Marekani, Scott Wilber wa kampuni ya Biox huko Colorado aliziweka taa za LED ndani ya kibanio chenyewe na kifaa kikawa chepesi. Daktari wa usingizi William New na wenzake wakaanzisha Nellcor, na mwaka 1983 wakatoa N-100, mashine iliyotoa mlio kwa kila pigo la moyo, mlio ambao unashuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka.

Mlio huo ndio uliokiingiza kifaa kwenye chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi macho yake yako kwenye dawa, kwenye mirija, kwenye mikono ya mpasuaji. Sikio ndilo liko wazi. New alikuwa daktari wa usingizi mwenyewe, akalijua hilo kabla ya kuchora chochote. Wanaofundisha usanifu wa vifaa wangeweza kutumia wiki nzima juu ya uamuzi huo mmoja, kwa sababu unaonyesha kinachotokea mtumiaji anapokuwa ndani ya chumba cha wabunifu. Mwaka 1986 Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani kilitoa viwango vya ufuatiliaji wa mgonjwa aliyelazwa usingizi, na miaka michache baadaye oksimita ikawa sharti. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, iliyotolewa 2008, inamtaka mhudumu ahakikishe oksimita iko kwa mgonjwa na inafanya kazi kabla ya usingizi kuanza.

Mtumiaji alikuwemo chumbani. Mgonjwa, kwa rangi zake zote, hakuwemo.

Chumba cha uthibitishaji

Kwa kuwa nadharia ya mwanga haikutosha kuigeuza ile namba ya uwiano kuwa asilimia sahihi ya oksijeni, watengenezaji walitumia watu. Kila oksimita ina jedwali ndani yake: uwiano fulani unalingana na asilimia fulani. Jedwali hilo halikutoka kwenye fizikia, lilitoka kwa wajitoleaji.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kijana mwenye afya njema analazwa kitandani. Anawekewa mrija mwembamba kwenye ateri ya kifundo cha mkono, pale tunapogusa kuhesabu mapigo. Vibanio vinabanwa vidoleni. Kisha anavuta hewa iliyoongezewa nitrojeni, oksijeni yake inashushwa hatua kwa hatua, kutoka karibu 100 hadi 70. Katika kila hatua inasubiriwa namba itulie, damu inachotwa, inapelekwa kwenye mashine inayosoma himoglobini moja kwa moja, na matokeo yanaandikwa kando ya yale ya kibanio. Anayeongoza jaribio hamwondolei macho, kwa sababu kufika 70 si mchezo. Chini ya hapo hapashushwi, kwa hiyo namba yoyote ambayo oksimita inaionyesha chini ya 70 ni makadirio tu.

Ni jaribio zuri. Limeundwa kwa uangalifu na linaheshimu usalama wa mtu. Swali ni nani anayelala kwenye kile kitanda. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013, miaka thelathini baada ya N-100, ulipendekeza angalau watu 10 na jozi 200 za vipimo. Kati ya watu hao, angalau 2 wawe na ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya kundi, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Hapakuwa na kipimo cha kuamua ngozi nyeusi ni ipi. Msimamizi wa utafiti aliangalia kwa macho, akaamua.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa viwili navyo havikutosha, na sababu yake ni ya kihesabu, ambayo ningependa kila kiongozi wa mradi aifanye kwa mkono angalau mara moja.

Usahihi wa oksimita unaripotiwa kwa namba moja. Unachukua kosa la kila kipimo, unalipigia kipeo cha pili, unatafuta wastani wa yote, kisha unachukua kipeuo cha pili cha wastani huo. Kwa kibanio cha kidoleni, FDA ilitaka jibu lisizidi asilimia 3. Sasa tuseme, kwa mfano tu, una watu 10 waliopimwa mara sawa. Wanane wana kosa la kawaida la 1.5. Wawili, wale wa ngozi nyeusi, kibanio kinawasoma juu kwa 5 kila mara: damu ikiwa 88, wao wanaonekana 93. Kipeo cha pili cha 1.5 ni 2.25, mara nane ni 18. Kipeo cha pili cha 5 ni 25. Mara mbili ni 50. Jumla 68, gawanya kwa 10 upate 6.8. Kipeuo chake ni takriban 2.6.

Kifaa kimefaulu. Si kwa kubahatisha, si kwa kupindisha chochote. Kinakosea kwa pointi tano, upande uleule, kwa kila mtu wa ngozi nyeusi aliyeguswa, na ripoti inaandika 2.6, chini ya kikomo. Anayesoma ripoti hana njia ya kujua.

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo, na linaniuma zaidi kwa sababu lingeonekana na yeyote aliyefikiria kitandani pa mgonjwa. Kipeo cha pili hakijali upande. Kusoma chini kwa 5 na kusoma juu kwa 5 ni kosa lilelile kwenye jedwali. Kwa mgonjwa si hivyo hata kidogo. Kifaa kikisoma chini, mtu anakuja kuangalia, anampa oksijeni ambayo pengine hakuihitaji, anapima damu. Kikisoma juu, hakuna anayekuja. Usimamizi wa hatari wa vifaa tiba, ambao umewekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 14971, unamtaka mbunifu aandike kila hatari na uzito wa madhara yake. Katika faili la oksimita, kusoma juu kuliko hali halisi ni hatari ya peke yake, yenye uzito wake, na inastahili kikomo chake. Kikomo kimoja cha jumla kinazichanganya hatari mbili zisizofanana.

Idhini inayorithiwa

Marekani ilianza kudhibiti vifaa tiba kwa upana kwa sheria ya Mei 1976. Chini ya sheria hiyo kuna njia inayojulikana kwa namba ya kifungu chake, 510(k): ukionyesha kwamba kifaa chako kinalingana kwa kiasi cha kutosha na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali, unaruhusiwa kuuza. Oksimita zimepita njia hiyo.

Siipingi njia yenyewe. Bila njia kama hiyo, kila marekebisho ya kibanio yangehitaji miaka ya majaribio na bei ingekuwa juu ya uwezo wa hospitali nyingi. Lakini angalia inavyofanya kazi katika kisa hiki. Oksimita mpya inalinganishwa na ya zamani. Ya zamani ililinganishwa na iliyoitangulia. Kila moja ina jedwali lililotokana na wajitoleaji wachache, na kila moja inathibitishwa kwa jaribio la umbo lilelile. Kosa lililokuwemo mwanzoni halikuhitaji mtu wa kulitetea; lililingana na lile la jirani, na kulingana ndiko kulikotakiwa. Ndiyo maana nikikaa na timu inayotafuta kifaa cha kujilinganisha nacho, swali langu la kwanza si kama wamekipata. Nauliza kile walichokipata kilithibitishwa kwa watu gani, na nataka kuiona karatasi.

Tena kuna oksimita nyingi zinazouzwa moja kwa moja kwa watu wa kawaida kama vyombo vya afya ya jumla au michezo, ambazo FDA haizikagui kabisa usahihi wake. Wakati wa janga la korona watu walizinunua na kuzitumia nyumbani kuamua kama waende hospitali au wasubiri.

Maonyo yaliyofika yakakosa pa kukaa

Ubaya ni kwamba habari ilikuwepo. Mwaka 1990, Amal Jubran na Martin Tobin walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Waligundua kwamba kwa wagonjwa weupe, kulenga 92 kwenye oksimita kulitosha. Kwa wagonjwa weusi 92 mara nyingi ilifunika upungufu mkubwa, na ilibidi kulenga 95. Mwaka 2005 na tena 2007, Philip Bickler, John Feiner na John Severinghaus wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha maabarani, kwa wajitoleaji wenye afya, kwamba oksimita walizozijaribu zilisoma juu kwa ngozi nyeusi, na kosa lilikua kadiri oksijeni ilivyoshuka. Severinghaus si jina dogo katika fani hii. Vipimo vya gesi za damu vinavyotumika hospitalini vinamdai mengi.

Matokeo hayo yalisomwa, yakanukuliwa, na mashine zikaendelea kutengenezwa vilevile. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu langu ni la kitaratibu zaidi kuliko la kimaadili. Baada ya kifaa kuingia sokoni, mtengenezaji anatakiwa kufuatilia malalamiko na ajali. Mfumo huo unakamata kibanio kilichounguza kidole, skrini iliyozima, waya uliokatika. Haukamati kibanio kinachosema 94 mahali pa 88. Muuguzi hawezi kulalamikia namba iliyoonekana nzuri. Mgonjwa akizidiwa saa sita baadaye, kinaandikwa kilichomzidia, nimonia au moyo, na oksimita haimo kwenye taarifa. Kosa la kusoma juu linafuta ushahidi wake lenyewe. Kulipata kunahitaji mtu alitafute kwa makusudi, kwa kuoanisha namba za kidoleni na za damu, maelfu kwa maelfu, na kuzigawa kwa makundi ya watu. Hospitali zilikuwa na namba hizo kwenye kompyuta zao kwa miaka. Watu wa Michigan walitumia zaidi ya jozi elfu kumi za hospitali yao, kisha wakathibitisha kwa data ya hospitali nyingine 178 ambako pengo lilijirudia: asilimia 17.0 kwa weusi, 6.2 kwa weupe.

Kilichowasukuma ni janga, na makala ya mwanaanthropolojia mmoja wa chuo cha MIT, aliyoiandika miezi michache kabla akihoji kama kifaa kinabagua kwa rangi. Hakuwa mhandisi wa vifaa tiba. Alikinunua kibanio kwa ajili ya mgonjwa nyumbani mwake, akaanza kuuliza maswali.

Madhara yalikuja kupimwa baadaye. Katika korona, oksijeni chini ya 94 ilitumika kama alama ya ugonjwa mkali na hivyo sababu ya kupewa dawa fulani. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Latini walichelewa zaidi kutambuliwa kuwa wanastahili, au hawakutambuliwa kabisa. Kosa la pointi chache kwenye jedwali lililoandikwa maabarani liligeuka saa za kusubiri kitandani.

Kama wazo lingeanza leo

FDA ilitoa tahadhari Februari 2021, ikaitisha vikao vya wataalamu 2022 na 2024, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya mwongozo mpya. Rasimu hiyo inapendekeza washiriki 150 au zaidi badala ya 10. Rangi ya ngozi inapangwa kwa mizani ya Monk yenye ngazi kumi, pamoja na chombo cha kupima rangi, na kila moja ya makundi matatu ya ngazi, nyepesi, ya kati na nyeusi, iwe na angalau robo ya washiriki. Muhimu kuliko hesabu ya watu, inataka tofauti kati ya makundi ipimwe na kuonyeshwa, isimezwe na wastani. Uingereza nayo ilichapisha Machi 2024 mapitio huru ya usawa katika vifaa tiba, yakiongozwa na Margaret Whitehead, na oksimita ilikuwa miongoni mwa mifano yake mikuu.

Kwa timu inayoanza leo, kazi yote hii inaanzia kwenye sentensi moja ambayo wengi huiandika kwa haraka: kifaa kimekusudiwa nini na kwa nani. "Kupima oksijeni kwa watu wazima" ni sentensi inayopita kirahisi kwenye kikao, kwa sababu haimkatai mtu. Lakini sentensi hiyo ni deni. Ukisema watu wazima, umesema wenye ngozi ya kila rangi, wenye vidole baridi, wenye upungufu wa damu, wenye hina au rangi ya kucha. Kila neno katika sentensi ya matumizi lazima liwe na jaribio linalolilipa, na kama huna fedha ya jaribio hilo, punguza sentensi na uandike kwenye lebo kwa maneno ambayo muuguzi wa zamu ya usiku atayaelewa. Nimeona timu zikikasirika kuambiwa hivyo, kwa kuwa kupunguza sentensi ni kupunguza soko. Naelewa. Ila soko lililopanuliwa kwa neno ambalo halikupimwa ni mgonjwa anayelipa badala yako.

Jambo jingine ni wapi pa kuweka gharama. Kuajiri washiriki wa ngozi tofauti kunachelewesha utafiti, hasa maabara ikiwa mahali ambako wakazi wake wanafanana. Msimamizi wa mradi ataona wiki zikipotea na atashawishika kuliacha suala hilo kwa "awamu ya pili, baada ya idhini." Katika kisa cha oksimita awamu hiyo ya pili ilichukua miaka thelathini kutoka onyo la 1990. Baada ya idhini, jedwali limeshachomwa ndani ya mamilioni ya vifaa, hospitali zimeshajenga taratibu zake juu ya 92 na 94, na kila kifaa kipya kinajilinganisha na cha jana. Kurekebisha jedwali kwenye hatua ya sampuli ya kwanza ni kazi ya wiki kadhaa za maabara. Kulirekebisha sokoni kunahitaji mamlaka, watengenezaji wote na madaktari waliokwisha kuzoea namba.

Na usisubiri mwongozo. Hakuna mwongozo wa 2013 uliomkataza mtu kupima watu arobaini, au kuchora grafu moja zaidi yenye mistari miwili badala ya mmoja. Mwongozo ni sakafu. Tulioketi kwenye vikao vya mapitio tuna haki ya kuuliza swali moja kwa kila namba ya usahihi inayowekwa mezani: ni ya nani? Wastani ukiletwa peke yake, urudishwe ukaletwe na mgawanyo wake.

Aoyagi mwenyewe hakuridhika. Miaka mingi baada ya dunia kukichukua kifaa chake aliendelea kufanya kazi ya nadharia, akisema kwamba kutegemea majedwali ya wajitoleaji ni udhaifu wa oksimita, na kwamba njia ni kuongeza mawimbi zaidi ya mawili ili tabaka zinazouchafua mwanga zihesabiwe moja moja. Mwaka 2007, akiwa na zaidi ya miaka sabini, yeye na wenzake walichapisha kazi juu ya oksimita ya mawimbi mengi. Alifariki tarehe 18 Aprili 2020, akiwa na miaka 84, wakati vibanio vya kidoleni vikinunuliwa kote duniani. Barua ya Michigan ilitoka miezi minane baadaye.